Kikombe cha bati ndani ya Blender: mwongozo kamili kwa anayeanza kuunda maumbo ya pande tatu

Wengi wanaojaribu kujifunza kuunda maumbo ya pande tatu kwa kompyuta hukata tamaa katika wiki ya kwanza, na nikitazama mafaili yao naona makosa yaleyale: umbo limevutwa likiwa katika hali isiyo yake, vipimo havilingani na kitu chochote duniani, na chini ya uso unaoonekana mzima kuna vipeo (ncha ambapo kingo za umbo hukutana) vilivyorudufiwa ambavyo mwenyewe hajui kama vipo. Mtu huyo hakukosa kipaji, bali alianza na gari au sura ya binadamu kabla ya kuweza kuunda kikombe.

Kwa hiyo tutaunda kikombe kimoja tu, kile cha bati chenye rangi nyeupe na ukingo wa buluu ambacho karibu kila nyumba imewahi kuwa nacho. Kina mwili wa duara, uwazi ndani, mdomo mwembamba na mkono uliopinda, na mambo hayo manne yanatosha kukufundisha sehemu kubwa ya zana utakazozitumia kila siku. Tenga saa tatu kwa mara ya kwanza.

## Vitu unavyohitaji

Programu ya Blender. Ni ya bure kabisa, haina kipindi cha majaribio wala leseni ya kununua, na hupakuliwa kutoka tovuti yake rasmi ya blender.org. Andaa bando la zaidi ya MB 300.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Kazi ya kikombe hiki inaweza kufanyika hata kwa GB 4, ila kwa uvumilivu. Jambo linalowakwaza wengi wenye kompyuta mpakato za mtumba ni kadi ya picha: matoleo ya Blender kuanzia 4.0 yanadai OpenGL 4.3 (kiwango cha uchoraji ambacho kadi ya picha lazima ikiweze) kwa Windows na Linux, na kompyuta zenye Intel HD 4000 hazifikii hapo. Programu ikikataa kufunguka na kutoa ujumbe kuhusu kadi ya picha, usiharakishe kwenda kwa fundi. Pakua toleo la 3.6 LTS, kwa kuwa hatua zote zilizomo humu zinafanya kazi ndani yake.

Kipanya chenye gurudumu. Hiki usikikwepe. Pedi ya kugusa inaweza kutumika, lakini kuzungusha umbo kwa vidole viwili huku ukishikilia vitufe vingine ni adhabu, na kipanya cha bei ya chini kabisa kinatosha.

Kikombe chenyewe, mezani. Kiweke karibu na skrini. Ukikosa cha bati, tumia chochote chenye mkono, na uwe na rula.

## Hatua ya 1: Andaa programu kabla ya kugusa umbo

Fungua Blender, bofya "Edit", kisha "Preferences", kisha "Input". Ikiwa kibodi yako haina safu ya namba upande wa kulia, weka alama kwenye "Emulate Numpad", kwa sababu namba hizo ndizo zinazobadilisha upande unaotazama. Tahadhari: ukiwasha mpangilio huo, namba za safu ya juu hazitachagua tena kati ya vipeo, kingo na nyuso, hivyo utalazimika kubofya alama tatu ndogo zilizo juu kushoto mwa dirisha.

Sasa nenda upande wa kulia wa skrini, fungua kichupo cha "Scene", na katika "Units" badilisha "Length" iwe "Centimeters". Blender huanza kwa mita, na mcheduara wake wa kawaida una kipenyo cha mita 2. Kikombe changu cha kwanza kilikuwa pipa la maji lenye mkono, nami sikulitambua hilo mpaka nilipojaribu kukiweka juu ya meza niliyokuwa nimeipima vizuri.

Mwisho, bonyeza N, fungua kichupo cha "View" na uweke "Clip Start" iwe 0.1 cm. Usipofanya hivyo, ukikisogelea kikombe kidogo utaona kinakatika mbele ya macho yako kana kwamba kimepigwa msumeno, ilhali hakijaharibika.

## Hatua ya 2: Jifunze kulizunguka umbo

Shikilia gurudumu la kipanya na usogeze mkono: unazunguka. Shikilia Shift pamoja na gurudumu: unateleza kando. Zungusha gurudumu: unasogea karibu au mbali. Namba 1 ya upande wa kulia hukuonyesha mbele, 3 ubavuni, 7 juu, na nukta ya upande huohuo hukurudisha kwenye kitu ulichokichagua hata kama umekipoteza kabisa.

Cheza na ule mchemraba uliokuta kwa dakika kumi na tano bila kuubadilisha. Umefaulu pale unapoweza kufika chini yake, kisha juu, kisha mbele, bila kusita wala kukumbuka kitufe kwa sauti.

## Hatua ya 3: Weka mwili wa kikombe

Bofya mchemraba uliopo na uufute kwa kitufe cha X. Sababu ni rahisi: una upana wa mita 2, na kikombe chako cha sentimita 8 kingezaliwa tumboni mwake, usikione.

Bonyeza Shift+C ili kielekezi cha kuwekea maumbo kirudi katikati, kisha Shift+A, chagua "Mesh", halafu "Cylinder". Kabla hujagusa kitu kingine chochote, tazama chini kushoto mwa dirisha, ambako kuna paneli ndogo. Ifungue na uandike: "Vertices" 16, "Radius" 4 cm, "Depth" 8 cm. Bonyeza nukta ya upande wa kulia ili usogezwe karibu.

Paneli hiyo ndogo ni rafiki yako mkubwa katika mwongozo huu wote, lakini hudumu hadi tendo linalofuata tu. Ukibofya mahali pengine inatoweka, na namba zako zimekwisha kuwa historia. Ikitokea hivyo, bonyeza Ctrl+Z na urudie tendo.

Kwa nini vipeo 16 na si 32 kama Blender inavyopendekeza? Kwa sababu mduara wa kikombe una takribani sentimita 25, na ukiugawanya kwa 16 kila uso wa ubavuni unapata upana wa karibu sentimita 1.6, ambao ndio upana wa mkono wa kikombe cha bati. Ulaini wa duara utakuja baadaye bila kuongeza vipeo kwa mkono. Anayeanza huamini kwamba vipeo vingi ndiyo uzuri, kumbe kila kipeo cha ziada ni kitu kingine kimoja cha kukirekebisha jambo likiharibika.

Onyo. Usikuze wala kupunguza umbo kwa kitufe cha S ukiwa nje ya hali ya kuhariri. Blender huendelea kukumbuka kwamba umbo limevutwa, na baadaye kingo zako zitalainishwa kwa upana usiolingana. Kagua kwa N katika kichupo cha "Item": "Scale" lazima isomeke 1.000 mara tatu, na "Dimensions" zisomeke sentimita 8 kila upande. Ikiwa umekwisha kukosea, bonyeza Ctrl+A na uchague "Scale".

## Hatua ya 4: Ingia katika hali ya kuhariri na uligeuze umbo kidogo

Hapa ndipo penye kikwazo kikubwa kuliko vyote. Blender ina hali mbili unazozihitaji leo: "Object Mode", ambamo unashika kitu kizima kama unavyoshika kikombe mkononi, na "Edit Mode", ambamo unashika udongo wenyewe wa kikombe. Kitufe cha Tab hukuvusha kutoka moja hadi nyingine, na jina la hali uliyomo limeandikwa juu kushoto. Jizoeze kulisoma kabla ya kila hatua, kwa maana vitufe ni vilevile katika hali zote mbili lakini matokeo yake ni tofauti kabisa.

Bonyeza Tab ili uingie kuhariri. Bonyeza A kuchagua vyote, kisha R, kisha Z, andika 11.25 na ubonyeze Enter.

Tendo hili dogo huachwa na wengi, nao hulijutia wanapofika kwenye mkono. Mcheduara wa pande 16 huzaliwa ukiwa umeelekeza ukingo, si uso, upande wa mhimili wa X. Kila uso umechukua nyuzi 22.5, kwa hiyo ukigeuza nusu yake, uso mmoja unatazama kulia moja kwa moja, tayari kupokea mkono. Ukitoka kidogo kwa Tab na kutazama "Dimensions" utaona upana umeshuka hadi karibu sentimita 7.85; kisha bonyeza Tab tena urudi kuhariri. Usishtuke wala usiurekebishe, kwa maana sasa unapimwa kutoka uso hadi uso badala ya ncha hadi ncha.

## Hatua ya 5: Kata mikanda ya ubavuni

Bonyeza Ctrl+R na upeleke kipanya juu ya ukingo mmojawapo uliosimama wima. Mstari wa manjano utalizunguka tumbo la kikombe. Bofya kushoto mara moja, kisha bofya kulia ili mstari ubaki katikati, halafu katika paneli ndogo andika "Number of Cuts" 5.

Sasa ubavu una mikanda sita. Ukiona mstari wa manjano unasimama wima badala ya kulala, kipanya chako kiko juu ya ukingo usio wake, hivyo kisogeze.

## Hatua ya 6: Toboa ndani

Bonyeza 3 ya safu ya juu ili uchague nyuso, kisha bofya uso wa juu wa kikombe. Bonyeza I, sogeza kipanya kidogo, bofya, na katika paneli uandike "Thickness" 0.3 cm. Umepata uso mdogo ndani ya uso mkubwa, na ule mkanda uliobaki kati yao ndio unene wa mdomo. Bati halisi ni jembamba zaidi, lakini milimita 3 zitakusaidia kuona unachokifanya.

Bila kuchagua kitu kingine, bonyeza E, bofya, na katika paneli uandike "Move Z" -7.6 cm. Uso unazama na kuacha sakafu yenye unene wa milimita 4. Ingawa imeandikwa Z, hapa Z haimaanishi juu ya dunia, bali upande ambao uso wenyewe unautazama. Alama ya kutoa inausukuma urudi nyuma, yaani ndani. Ukilielewa hili, hatua ya mkono itakuwa nyepesi.

Sakafu ya ndani ikiwa bado imechaguliwa, bonyeza I tena na uweke 0.4 cm. Zunguka hadi chini ya kikombe, chagua uso wa kitako na ufanye vivyo hivyo. Mikanda hii miwili midogo itazuia kitako na sakafu zisikunjamane tutakapolainisha.

Onyo kubwa la mwongozo huu. Ukibonyeza E kisha ukaghairi kwa kubofya kulia, usidhani umeghairi. Blender imeghairi msogeo tu, na uso mpya tayari umezaliwa, umelala palepale juu ya ule wa zamani. Huuoni, ila baadaye utaona weusi wa ajabu na mikunjo isiyoeleweka, na hata mtu anayetaka kukuchapia umbo lako kwa printa ya pande tatu atakurudishia faili. Baada ya kila E iliyoghairiwa, bonyeza Ctrl+Z.

Ili kuhakiki, bonyeza A, kisha M, na uchague "By Distance". Chini ya skrini utasomeka ujumbe wa idadi ya vipeo vilivyoondolewa. Jibu sahihi ni 0. Ukisoma 16, ulikuwa na pete nzima ya vipeo vilivyorudufiwa, na sasa imeondoka.

Hakiki pia mwelekeo wa nyuso: katika menyu ya "Overlays", juu kulia mwa dirisha, washa "Face Orientation". Nyekundu maana yake uso umegeuzwa ndani nje. Kikombe kizima kisiwe na nyekundu popote, hata ndani ya uwazi. Ikiwepo, bonyeza A kisha Shift+N. Hifadhi sasa kwa Ctrl+S, kwa jina kama kikombe01, na kila hatua inayofuata uihifadhi kwa namba mpya. Umeme hauombi ruhusa kabla ya kukatika.

## Hatua ya 7: Mkono

Chukua kikombe chako cha mezani na ukitazame ubavuni. Mkono wake ni utepe uliotoka karibu na mdomo, ukapinda, ukarudi kushikwa karibu na kitako, na mara nyingi ni hapo penye maungio ndipo rangi hubanduka kwanza, chuma cheusi kikachungulia. Sehemu mbili za kushikia, tao moja: ndivyo tutakavyouunda.

Bonyeza 1 ya upande wa kulia ili utazame mbele, kisha zunguka kidogo uone upande wa kulia wa kikombe. Chagua uso unaotazama kulia kabisa, ulio katika mkanda wa pili kutoka juu. Bonyeza E, bofya, na uandike "Move Z" 1.2 cm. Kisha bonyeza S, Z, andika 0.5, Enter, ili ncha iwe bapa kama utepe. Rudia yote hayo kwa uso wa mkanda wa pili kutoka chini, katika safu ileile ya wima.

Sasa una vibanzi viwili vinavyotazama kulia. Chagua ncha ya kwanza, shikilia Shift na uchague ya pili, halafu katika menyu ya "Edge" bofya "Bridge Edge Loops". Katika paneli weka "Number of Cuts" 6. Kwa kuwa ncha zote mbili zinatazama nje, daraja halipiti moja kwa moja bali hutoka nje na kupinda, na mkono umepatikana.

Ukiona mkono umejisokota kama kamba, rekebisha "Twist" katika paneli hadi utulie. Ukiona Blender inalalamika kwamba haikupata pete mbili, basi hukuchagua zile ncha mbili tu: bonyeza A mara mbili haraka ili uondoe uchaguzi wote, uanze upya.

Umefaulu ikiwa, ukitazama kutoka mbele, kidole cha mtu kingeweza kupita kati ya mkono na mwili.

## Hatua ya 8: Lainisha, kisha kaza kingo

Rudi "Object Mode" kwa Tab. Upande wa kulia, fungua kichupo chenye alama ya spana, bofya "Add Modifier", kisha "Generate", halafu "Subdivision Surface". Weka "Levels Viewport" 2 na "Render" 2.

Usiongeze zaidi. Kila ngazi huzidisha nyuso mara 4: umbo la nyuso 200 huwa na nyuso 3,200 kwa ngazi ya 2, lakini kwa ngazi ya 6 hufika 819,200, na hapo ndipo feni ya kompyuta huanza kuvuma.

Kikombe sasa ni cha duara laini, lakini kimelegea mdomoni na kitakoni kama puto lililopungua pumzi. Hali hiyo ni ya kawaida. Modifaya hii hulainisha kila kitu isipoambiwa mahali pa kujizuia, na huambiwa kwa kuweka kingo mbili au tatu karibukaribu.

Rudi kuhariri, bonyeza 2 ya safu ya juu ili uchague kingo, kisha bofya mara mbili pete ya nje ya mdomo. Shikilia Shift na ubofye mara mbili pete ya ndani ya mdomo, pete ya nje ya kitako, na pete ambapo ukuta wa ndani unakutana na sakafu. Bonyeza Ctrl+B, sogeza kipanya kidogo, bofya, na katika paneli weka "Width" 0.1 cm na "Segments" 2. Mdomo unakazika na kitako kinatulia. Ikiwa upana umetokea tofauti mahali na mahali, rudi kwenye onyo la Hatua ya 3, kwani "Scale" yako si 1.

Toka kuhariri, bofya kulia juu ya kikombe na uchague "Shade Smooth". Usibofye "Apply" kwenye modifaya, kwa sababu ukifanya hivyo unapoteza umbo jepesi la mwanzo ambalo bado utataka kulirekebisha.

## Hatua ya 9: Rangi na picha

Katika kichupo cha "Material" bofya "New", chagua nyeupe yenye umanjano kidogo katika "Base Color", "Roughness" 0.15, na uache "Metallic" ikiwa 0. Hapa wengi huweka 1 kwa hoja kwamba kikombe ni cha bati. Bati lipo kweli, ila jicho halilioni: linaona tabaka la kioo kilichoyeyushwa juu yake, na kioo si chuma.

Kwa ukingo wa buluu, bofya alama ya kujumlisha, kisha "New", ili uongeze materiali ya pili na uipe rangi. Ingia kuhariri, chagua pete ya nyuso za mdomo, ipanue mara moja kupitia "Select", "Select More/Less", "More", kisha bofya "Assign". Bonyeza Z na uchague "Material Preview" ili uone rangi.

Rudi "Object Mode" na ukiinue kikombe: katika kichupo cha "Item" andika 4 cm kwenye "Location Z", ili kitako kikae sawasawa na sifuri. Ongeza sakafu kwa Shift+A, "Mesh", "Plane". Jiweke mahali ambapo ungependa picha ipigwe, bonyeza Ctrl+Alt+0 ya upande wa kulia ili kamera ije ulipo, kisha F12. Usiiache kamera mahali pake pa mwanzo, kwa kuwa iko mita kadhaa mbali na kikombe kitaonekana kama punje ya mchele. Picha ikitoka, ihifadhi kupitia menyu ya "Image" ya dirisha hilo.

Iweke picha hiyo kando ya kikombe halisi na utazame mambo matatu tu: je, mdomo una unene unaoonekana, je, mkono umeshika mwilini bila mkunjo wala doa jeusi, je, kivuli kinaanzia kitakoni au kikombe kinaelea? Kikielea, kagua 4 cm za "Location Z". Doa jeusi likionekana, rudi kwenye "By Distance" ya Hatua ya 6. Kesho yake fungua faili jipya na uunde kikombe hichohicho tena bila kusoma mwongozo mpaka utakapokwama, na kila utakapokwama andika namba ya hatua pembeni.